Mamie Alifwaka mu Sezoni ya Pili

Dilala, Kolwezi
tarehe 11 mwezi ya pili 2024

Yaya Ndaya,

Jambo. Huku tuko. Malaria ilinikamata, ilienda. Mutoto wetu Hénock iko Likasi na bibi yake, balipata mutoto mwanamuke, jina Shekina. Mi niko ku kazi ileile, ku shimo ya madini ya Mashamba, mu ekipi ya pompi. Tunatosha mayi, mvua inairudisha. Barua natuma na Baudouin, shofere ya kamyo ya chumvi. Banasema kwenu Musumba rezo ya simu haiko, njo naandika.

Neno yenyewe ni hii. Mamie, mudogo wako, alifwa, mwaka ilipita na kupita. Mi ningali na mufu yake ku mwili. Familia yenu haiyanipaka pemba, ule udongo ya kumutosha. Bila ile pemba nyeupe, mwanamuke hawezi kuingia mu nyumba yangu. Nilienda kuona tonton Banza, muyomba wenu wa huku. Anasema: "Mi napaka kama Ndaya anasema. Yeye njo mukubwa."

Basi sema.

Kalombo, bwana ya Mamie


Musumba
tarehe 3 mwezi ya ine 2024

Mulamu wangu Kalombo,

Moyo wako, moyo wa Hénock, moyo wa ule kamama Shekina: nabasalimia bote. Barua ilichelewa. Kamyo ya Baudouin ililala mu matope, mvua ikakula chumvi nusu. Siye tuko. Muhogo ilitoka muzuri, kisha nguruwe ya jirani ikaingia, sasa hatusalimiane na jirani. Mama yangu, mama buko wako, magulu haitembee tena, lakini kinywa inatembea mpaka soko na kurudi.

Unaomba pemba bile mutu anaomba kiberiti. Hata wa kiberiti anaikala kwanza, Mulamu.

Nikuambie kitu. Mamie anakuyaka kwangu mu ndoto. Anaikala ku kitanda, anauliza: "Yaya, nani alifungula mayi?" Unakumbuka ile seri ya tele, ile ya barraji, ukuta ya kufunga mayi ya muto? Wakati nilikuwa naikala kwenu Dilala, siye babili tulikuwa tunaiangalia, na we unalala mu kiti na biatu. Kijiji ya chini ya barraji ilizama siku ya sikukuu. Mutu alifungula milango ya mayi. Serafina, bibi ya enjinia ya barraji, anatafuta ni nani. Mamie alikuwa anaapa ni enjinia mwenyewe. Mi naapa ni padiri. Tulikuwa tunabishana mpaka sombe inaungua mu chungu. Kisha mi nikarudia huku kuchunga mama, na Mamie akafwa mu sezoni ya pili, hata katikati hakufika.

Huku tele haiko. Na mufu haumuambie uwongo.

Basi angalia we, mpaka mwisho, uniandikie. Siku Mamie anayua nani alifungula mayi, mi nitamuambia Banza akupake.

Na umusalimie ule mama ya kuuza makala, ule unataka kuoa. Ulifikiri Musumba ni mbali sana, habari haifiki?

Yaya wako,
Ndaya


Dilala
tarehe 20 mwezi ya tano 2024

Yaya Ndaya,

Moyo ilifika. Shekina anatosha meno. Stany, mwenzangu ya pompi, alianguka, mukono ilivunjika, inapona mubaya juu anaitumikisha.

Mama ya makala jina yake Angèle. Ndiyo, nilifikiri Musumba ni mbali.

Nilinunua flashi ya kuchomeka mu tele kwa Muteba, ule anauzaka mafilme pembeni ya soko. Anasema seri yote imo, sezoni ine, imeisha. Naangalia siku ya Mungu kisha kanisa, kama kuran ya umeme iko.

Sezoni ya kwanza iko ngumu. Batu habasemi sana. Serafina anaona biatu ya bwana yake iko na matope. Hasemi kitu. Anaiosha. Nilisimama mu kiti. Kila episodi inaisha na mukono ya mutu ku mulango, na sikulala hata moja.

Sezoni ya pili batu baliongezeka. Enjinia anapata ndugu pacha, anatoka bulaya. Simupendi. Mutu moja ya kuogopa inatosha. Babili, inakuwa kelele. Lakini Serafina anaishikilia seri bado.

Nilifika pale Mamie aliachaka. Serafina iko ku ngazi na taa, anasikia mutu anakohoa chini. Siku ile kuran ilikatika pale pale. Mamie alikuwa na homa, alilala. Alisema: "Utaniambia." Asubui tukamupeleka lopitalo.

Nilisimamisha tele pale. Nilitoka inje kiloko. Kisha nikarudia.

Aliyekohoa ni pacha. Mwambie.

Sezoni ya pili inaisha, hatuyui bado nani alifungula mayi.

Kalombo


Musumba
tarehe 28 mwezi ya saba 2024

Mulamu,

Moyo. Mama alianguka karibu na kisima, akainuka, akatukana kisima. Mahindi tulivuna, iko mu ngala. Mupasta mupya alifika, kijana, anahubiri mulefu, watoto banalala, hata mbuzi inje inalala.

Barua yako nilisoma, nikageuza kuona kama nyuma kuna ingine. We unaandika kama mutu anateremusha matofali mu kamyo. Pa! Pa! Pa!

Mamie alikuya. Nilimuambia ni pacha alikohoa. Alisema: "Nilisemaka!" Hakusemaka hata siku moja, unamuyua. Anataka mingi. Serafina alivaa nini ku ngazi? Mikono yake ilikuwa namna gani? Mamie hakukuwa anaangalia sura ya batu, alikuwa anaangalia mikono. Na we uangalie mikono.

Angèle angoye. Makala haiozi.

Ndaya


Dilala
tarehe 15 mwezi ya nane 2024

Yaya Ndaya,

Jambo. Vumbi huku ni mingi, tunakohoa bote. Hénock alipata kazi ya garaji.

Ku ngazi Serafina alivaa robe ya bulu na triko ya bwana yake. Mukono ya taa haikutetemeka. Ingine ilikuwa inashika tumbo. Furahi.

Angèle alikuya. Haingii, aliikala inje ku kizingiti. Kwao banaogopa mufu. Kaka yake anamuita Likasi bakauze pamoya.

"Kalombo, mwisho ya mwezi ya kumi na moya mi naenda. Kama bale banakupaka, nabakia."
"Ningali na seri."
"Na nini?"
"Seri. Ya tele."
Aliniangalia kama mutu amelewa lutuku.
"Benzangu banashindwa na banamuke bengine," akasema. "Mi nashindwa na tele."

Sezoni ya tatu. Serafina haiko. Picha yake iko ku ukuta na maua. Batu banavaa nyeusi. Banasema alizama. Habakuonyesha bile alikufwa. Pale nabapa heshima. Hata Mamie, asubui alikuwa anaomba mayi, mangaribi kitanda iko na mugonjwa mwingine. Hakuna kitu ya kuonyesha.

Lakini pahali pengine pote ni mubaya. Sasa batu banasema, banasema. Enjinia anaeleza, padiri anaeleza, karibu mbwa nayo ieleze. Ku sezoni ya kwanza mulango inafungwa, unaogopa. Sasa banakufungulia, banakupa kiti, banakuambia yote. Kisha enjinia anaoa mwalimu ya shule. Nilikasirika. Kisha nikajiuliza, mi mwenyewe niko natafuta nini.

Nani alifungula mayi: hakuna mutu. Chuma ya mulango ilizeeka, ikaachia. Mamie alikosa, we pia ulikosa. Mi hii niliipenda. Unatafuta mutu, mutu haiko.

Enjinia anavalisha mwalimu pete. Mikono haitetemeki.

Sezoni moya inabakia mu flashi. Siyui banasema nini tena. Lakini jibu sasa unayo. Nangoya pemba.

Kalombo


Musumba
tarehe 30 mwezi ya kenda 2024

Mulamu,

Moyo. Mama iko. Mvua ilianza. Mupasta alioa, labda sasa atahubiri mufupi.

Hakuna mutu? Kijiji yote inakufwa, na hakuna mutu? Mamie alikasirika mpaka kitanda ikalia. Anasema: "Ile si mwisho. Kama sezoni ingine iko, mwisho iko kule." Na mi nasema bile.

Maliza, Mulamu. Nakuomba. Banakupaka pemba, kisha utaniandikia nini? Bei ya makala?

Ndaya


Dilala
tarehe 20 mwezi ya kumi 2024

Yaya, Serafina alirudia.

Samahani, sikusalimia. Bote tuko.

Ni episodi ya kwanza ya sezoni ya mwisho. Asubui. Jua inaingia mu jikoni. Mutu anamimina kahawa. Tunaona mukono tu. Nilimuyua ku mukono. Kisha sura, ni yeye. Enjinia anaingia, anasema bonjour, anaikala, anakula. Haulizi. Hakuna mutu anauliza. Picha haiko ku ukuta. Padiri anapita, anamusalimia. Hata ule mwalimu, bibi ya pili, anabisha ku mulango, anataja jina yake kama mara ya kwanza. Serafina anamupa kahawa. Banacheka bote babili.

Nilingoya mutu apige kelele, mutu aanguke. Hapana. Alikufwa, alirudia, mukate iko ku meza. Njo yote.

Yaya, hii inashinda zote. Habaeleze tena. Iko kimya, kama ya kwanza, lakini ya kwanza ni kimya ya kuogopa. Hii ni kimya ya kupumuzika. Mayi ya barraji inaonekana mu dirisha ya jikoni, rangi ileile ya mayi ya shimo yetu kama pompi inasimama, kijani ya mayi imelala. Nafunga rido ya dirisha. Vumbi inaogelea mu mwanga. Siyui tena kama niko mu kiti yangu ao mu ile jikoni. Siku moya niliweka bikopo bibili. Niliona ni bibili mbele ya kunwa. Sikutosha ya pili ku meza.

Ku kazi natembea polepole. Stany ananiita, nasikia kisha. Mayi ya shimo inapanda, naiangalia.

Angèle alibisha siku ya Mungu. Nilijibu toka ndani:
"Ngoya kwanza."
"Mpaka wakati gani?"
"Siyui."
Alisimama pale. Kisha nikasikia malapa yake inaenda.

Usimuambie Banza bado. Pemba ibakie. Ningali na maepisodi. Naangalia moya, nafunga, isiishe mbio.

Kalombo


Dilala
tarehe 10 mwezi ya kumi na moya 2024

Yaya Ndaya,

Jambo. Shekina anatembea. Baudouin alikuwa mugonjwa, kamyo haikutoka, barua yangu ingine ingali kwake. Hii inapanda pamoya nayo.

Seri iliisha. Serafina anateremuka mpaka ku mayi, anavua biatu, anaipanga. Kisha tunaona mayi tu. Mwisho. Nilisema ni mwisho ya ajabu, mutu arudie, kisha aende tena bila kuaga. Nilieleza Stany ku kazi, tuko tunakula bukari ya unga na samaki. Alicheka mpaka bukari ikamutoka.

"Kalombo, Serafina hakurudia."
"Nilimuona na macho."
"Uliangalia ya ine mbele ya tatu! Muteba alitia masezoni ovyo mu flashi yake, Kolwezi muzima inamutukana. We peke yako ulimushukuru."
"Na picha ku ukuta?"
"Ni kisha kuzama. Kisha, Kalombo! Hakuna mutu anashangaa juu mwanamuke hayafwa bado. Mwalimu anasema jina juu ni mugeni. Hayaolewa bado."
"Ufufuko ya flashi!" mwingine akapaza sauti, na bote bakacheka.

Mi sikucheka. Stany aliniangalia. Alichukua samaki yake, akaitia mu sahani yangu.

Nilirudia nyumbani, nikaangalia upya bile inatakiwa. Ya tatu, kisha ya ine. Haina nguvu. Kama unayua atazama, kahawa ni kahawa tu. Na ya ine ni ile ya kueleza. Seri inaanza na milango, inaishia na maneno. Sezoni ya kwanza nitaangalia tena. Zingine Muteba achukue.

Basi kweli ni hii. Serafina anakufwa mu sezoni ya tatu, alizama. Mayi hakuna mutu aliifungula. Kama unasoma ile barua ingine kwanza, ukamuambia Mamie ule alirudia, umurudishie maneno. Sitaki kupakwa pemba juu ya uwongo. Kama familia inakataa, ikatae. Angèle anafunga mizigo. Mi njo nilimuambia angoye.

Kalombo


Musumba
tarehe 25 mwezi ya kumi na moya 2024

Mulamu,

Moyo wako. Mama anauliza kama ulikonda. Nilisema ndiyo, alifurahi, anasema bwana ya mutoto yake akikonda ni heshima.

Barua zako mbili ilifika siku moya. Nilifungula kwanza ile ilikuwa juu, na ilikuwa ya mwisho. Nikasoma Serafina alizama, hakuna mutu alifungula mayi, yote. Nikakasirika, nikaendelea kutwanga. Kisha nikafungula ingine. Na Serafina iko mu jikoni. Jua inaingia, anamimina kahawa, mukate iko ku meza. Nilikuwa nayua, Mulamu. Nilikuwa nimesoma kila kitu. Na niliikala chini mu unga, siyui kama unasikia.

Sasa kweli ya kwangu. Mi simulotaka Mamie mu ndoto. Hata siku moya. Nalala kama jiwe, naamuka kama jiwe. Nililala na kilemba yake chini ya kichwa. Nilikula bukari ya muzito mangaribi, banasema inaletaka ndoto. Iliniletea tumbo. Mama anamuona. Batoto ya shule banamuona. Hata ule jirani ya nguruwe anasema alimuona anapita! Mi yaya yake, hapana. Nikasema, Kalombo akipakwa pemba, ataandika juu ya bibi mupya. Nani ataniambia tena kitu ya Mamie, hata kama ni juu ya tele?

Asubui nilipanda kilima. Ndiyo, rezo inashikaka kule. Nilikuwaka nayua. Lakini ku simu we unasema "tuko", unakata. Nilimuita Banza ku simu. Nilisema neno mbele ya batante bote ya familia, bamesikia. Samedi, tarehe 30, anakupaka. Usikatae, usilete mambo ya uwongo na kweli. Mudogo wangu alikufwa, we ulibakia, ni ile tu.

Usiniandikie merci, ao aksanti. Merci yako najua itakuwa tofali moya.

Ndaya


Dilala
tarehe 9 mwezi ya kumi na mbili 2024

Yaya Ndaya,

Jambo. Tuko. Salimia mama, mwambie ningali nakonda.

Banza alikuya samedi na batante. Balinipaka pemba ku sura, ku mikono, ku kifua. Tante Kanku alisema nafanana mukate mbele ya kuingia mu furu. Banza akasema: "Mamie, tunamutosha kwako. Usimutafute tena." Kisha balikunwa bia yote, na ya jirani.

Mizigo ya Likasi, Angèle aliifungulia mu nyumba yangu. Makala iko mu koridoo, naikanyaga. Aliingia na mugulu ya kuume, akaangalia kila kona, akasema: "Tele iko wapi, niione ule mwanamuke."

Siandiki merci.

Unasema haumuloti Mamie. Mi namulotaka. Sikukuambia. Nilikuwa nasoma ndoto zako, nasema, basi anafika na kule, ana nguvu. Banza anasema kisha ya pemba Mamie hatakuya tena. Na tangu samedi hakukuya. Ile ndoto ya mwisho nakupa we. Siyui kueleza bitu ya namna ile, lakini nitajaribu.

Ni ku barabara yetu hapa Dilala. Jua iko, lakini kivuli haiko. Mamoto, mapikipiki, inapita mingi bile kawaida, lakini haina kelele, inateleza tu kama iko juu ya mafuta. Mamie iko nyuma ya moto moya. Alinenepa kiloko, inamufaa. Anavaa kilemba ya njano, sikumununuliaka ile, siyui alitosha wapi. Ku magoti iko na beseni, mu beseni muko ndimu. Mukono moya inashika beseni, ingine inashika bega ya motari, mutu anaendesha. Mikono yake ile ya siku zote, na alama ya moto ku kidole.

Motari anapunguza mbele ya mulango yetu. Anauliza: "Mama, ni hapa?"

Mi niko nasimama pale na shati ya kazi. Mamie anaangalia dirisha, anaangalia mulango, ananiangalia mi. Hana kasirani. Anaangalia kama mutu anahakikisha kama alizima brazero ya makala.

"Hapana," anasema. "Endelea. Musumba."

"Musumba ni mbali, mama."

"Nayua. Yaya ananingoya."

Motari anacheka, anatia gaz. Nilibaangalia mpaka kilemba ikakuwa kadoa ka njano. Njo yote. Sikuongeza kitu.

Njia ya kwenu ni mubaya, mvua hii, unayua. Umungoye kiloko.

Kalombo